Beki Aliyekataa Kuondoka

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie kisa cha beki mmoja na ubishi aliouzua katika Soko la Toi bila yeye mwenyewe kujua kwamba kuna soko la jina hilo.

Toi mnaijua. Ni pale Kibera inapopakana na Barabara ya Ngong, karibu na Adams Arcade, vibanda vimebanana na mitumba imening'inia hadi juu. Mwezi wa Novemba 2025 kulikuwa na wabishani wawili ambao wateja walisimama kuwasikiliza: mama mmoja anayeuza jezi, na fundi wa cherehani wa kibanda jirani. Swali lao lilikuwa hili: Manchester United imwongezee Harry Maguire mkataba, au imwache aende zake?

Kabla hamjachagua upande, sikilizeni alikotoka.

Agosti 2019, Manchester United ilimnunua kutoka Leicester City kwa pauni milioni 80. Hakuna beki aliyewahi kugharimu pesa nyingi hivyo. Januari 2020 akawa nahodha. Kisha mambo yakamwendea kombo. Timu ilipofungwa, lawama zilimwangukia yeye. Julai 2023 kocha Erik ten Hag alimvua unahodha, na kitambaa akapewa Bruno Fernandes. Mwezi uliofuata West Ham ilifika na pauni milioni 30, na klabu yake ikawa tayari kumuuza. Lakini Maguire hakwenda. Alibaki, akaketi benchi, akawa anasubiri.

Kejeli zilifika hata bungeni Ghana. Mwishoni mwa 2022, mbunge Isaac Adongo alimfananisha makamu wa rais wa nchi hiyo na Maguire, yaani beki anayejifunga mwenyewe. Ukumbi ukaangua kicheko, na video ikazunguka dunia nzima.

Huko Toi, wauzaji wakifungua mzigo, nguo bora kabisa huitwa kamera, nazo hutangulia kununuliwa. Zinazobaki mwisho, zile za kuuzwa kwa bei ya kutupa, huitwa fagia. Wakati ule, mashabiki wengi walikwisha kumtia Maguire kwenye fungu la fagia.

Basi mabeki wengine wakaumia, naye akaitwa. Oktoba 24, 2023, alifunga kwa kichwa bao pekee dhidi ya Copenhagen katika Ligi ya Mabingwa. Novemba timu yake ilishinda mechi zote tatu za ligi bila kufungwa hata bao moja, naye akatangazwa mchezaji bora wa mwezi wa Ligi Kuu ya Uingereza. Mbunge Adongo akasimama tena bungeni, safari hii kumwomba Maguire radhi. Maguire akajibu kwamba ameipokea, wataonana Old Trafford.

Januari 2025 klabu ikamwongezea mwaka mmoja, hadi Juni 2026. Aprili 17, 2025, dhidi ya Lyon katika Ligi ya Europa, United ilikuwa nyuma 4-2 katika muda wa nyongeza. Wengi walikwisha kukata tamaa. Fernandes akafunga penalti, Kobbie Mainoo akasawazisha, na dakika ya 121 Maguire, ambaye kocha alikuwa amemsogeza mbele acheze kama mshambuliaji, akapiga kichwa: 5-4.

Kisha ikaja Jumapili ya Oktoba 19, 2025. Kibera ilikuwa katika majonzi, kwa maana siku hiyo Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo tangu 1992 hadi 2013, alikuwa akizikwa Bondo. Jioni hiyohiyo, huko Anfield, Maguire alifunga kwa kichwa dakika ya 84, United ikaishinda Liverpool 2-1. Haikuwa imeshinda mechi ya ligi katika uwanja huo tangu Januari 2016. Majonzi yalipotulia kidogo, ubishi ukaanza.

“Mama, huyu mtu ametuokoa,” fundi alisema. “Mpe hata miaka miwili.”

“Fundi, nampenda kukushinda,” mama akamjibu. “Lakini Machi anatimiza miaka thelathini na mitatu, na mshahara wake ni mkubwa. Vijana watapata nafasi lini?”

“Na akiondoka bure?”

Hapo fundi aligusa jambo zito. Tangu uamuzi wa kesi ya Jean-Marc Bosman, Desemba 1995, mchezaji wa Ulaya ambaye mkataba wake umekwisha huwa huru kuhamia klabu nyingine bila klabu yake ya zamani kulipwa chochote. Mkataba ukibakiza miezi sita, anaruhusiwa kuzungumza na klabu za nchi nyingine. Ndiyo maana klabu huharakisha kuamua: imwongezee, imuuze mapema, au ikubali kumpoteza bila malipo.

Sasa wajukuu, wote wawili walikuwa na hoja, ila walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti. Fundi alikuwa anazungumzia shukrani. Mama alikuwa anazungumzia kesho. Mkataba haulipi bao la Anfield, kwa sababu bao lile limekwisha kulipwa kwa mshahara wa siku ile. Mkataba ni ahadi juu ya mechi ambazo hazijachezwa: magoti yatahimili? Kocha atamhitaji? Mwenye kupima haya anaweza kusema “asante, kwaheri” bila kumkosea beki heshima hata chembe.

Heshima ina njia yake. Maguire hakuipata kwa kujibizana na waliomcheka. Aliipata mazoezini, siku ambazo hakujua kama ataitwa. Na Adongo naye alionyesha ujasiri wa aina yake: kusema hadharani kwamba aliyemdhihaki amebadilika.

Kwa hiyo mkiketi kubishana juu ya mchezaji, au juu ya mwanafunzi mwenzenu aliyeshindwa mwaka jana, msimpime kwa kicheko cha zamani. Mtazameni anavyocheza leo, ndipo mseme.