Wasichana na Saa za Kucheza

Katika nyumba zetu nyingi ni desturi mtoto wa kiume arudipo shuleni aweke vitabu vyake akimbilie uwanjani, na dada yake ashike ndoo. Hatuoni ajabu, maana ndivyo tulivyokuta kwa wazee wetu. Walakini wataalamu wamelitazama jambo hili kwa hesabu, nayo hesabu yao yatupasa kuisikia.

Mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza utafiti wa wanafunzi 1,600,000, wenye miaka 11 hata 17, katika nchi 146. Wakati huo Shirika hilo lilishauri kila kijana wa umri huo autumikishe mwili wake kwa muda wa dakika 60 kila siku. Habari za mwaka 2016 zilionyesha ya kuwa katika kila wavulana 100, 78 hawakufikia kipimo hicho; na katika kila wasichana 100, hawakufikia 85.

Mzazi mmoja ataniuliza: Binti yangu hutembea mwendo mrefu kwenda kisimani, je, huko si kutumikisha mwili? Ndiyo, na Shirika lenyewe huhesabu kutembea na kazi za nyumbani. Lakini ndoo haimfundishi mtu kupatana na wenzake kumi, wala kushindwa bila hasira, wala kuamuru na kutiiwa. Hayo hupatikana mchezoni, na ndiyo anayokosa binti.

Na tutazame mfano wa Mathare, mtaa wa mabanda katika mji wa Nairobi. Mwaka 1987 Bwana Bob Munro, mtu wa Kanada, alisaidia vijana wa huko kuanzisha chama cha michezo kiitwacho MYSA. Sheria yao moja ilikuwa ngeni: timu ipate pointi kwa kushinda mchezo, na tena ipate pointi kwa kusafisha mtaa. Basi vijana wakashika majembe na reki, wakazoa takataka na kuzibua mifereji. Na timu iliyokataa kufanya kazi iliona hasara yake katika orodha ya mashindano. Vijana wenyewe huchaguana kuwa viongozi, nao waliofanya kazi kwa bidii husaidiwa karada za shule. Zaidi ya hayo, mwamuzi wa mchezo huweza kutoa kadi ya kijani kwa mchezaji aliyeonyesha adabu njema kuliko wote. Sisi tumezoea kadi za kuadhibu tu!

Lakini kwa miaka mitano wasichana hawakuwa na mashindano yao. Timu zao zilianza mwaka 1992, na hapo ndipo ilipoonekana ya kuwa mpira na uwanja havitoshi. Watafiti wawili, Martha Brady na Arjmand Banu Khan, waliandika habari zao katika kitabu kidogo kilichotolewa mwaka 2002. Wazazi wengi walikuwa na mashaka. Nani atapika? Nani atamshika mtoto mdogo? Tena, binti akichelewa, njia ina salama? Nami siwacheki wazazi hao, kwa kuwa mama atokaye alfajiri kutafuta riziki hana msaidizi mwingine ila binti yake, na hofu ya njia ya usiku ni hofu ya kweli.

Kwa hiyo ilibidi kusema na wazazi kwanza, na kuwaeleza binti atakuwa wapi na pamoja na nani. Wasichana waliopata ruhusa walisimulia ya kuwa wamepata rafiki, wamejua kusema mbele za watu, na wavulana waliowadharau wameanza kuwaona kuwa wachezaji.

Mataifa nayo yamesema neno lao. Mwaka 1978 UNESCO ilitoa mkataba uliotamka ya kuwa mazoezi ya mwili na michezo ni haki ya kila mtu. Ulipoandikwa upya mwaka 2015, wasichana na wanawake walitajwa waziwazi. Ni maneno mema, lakini mkataba hauteki maji wala haubebi mtoto mgongoni. Nyumbani ndiko kazi hizo hugawanywa, na mgawanyi ni baba na mama. Kaka mwenye umri wa miaka kumi na mitatu aweza kuosha sufuria, na mkono wake hautakatika.

Nao wanaopanga michezo waangalie saa. Nairobi jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Mchezo wa wasichana ukiwekwa wa mwisho, baada ya wavulana kumaliza, saa kumi na moja, watarudi gizani, na juma lifuatalo baba atamzuia binti yake. Ukianza saa tisa, atafika nyumbani kungali mchana.