Udongo unakula dawa: somo kutoka maji ya plazma



Tomati na karoti zenye kumwagiliwa maji ya muto, ao zenye kuota kwenye mbolea ya ngombe ingali mbichi, zinaweza kufika sokoni na mikrobi za kuharisha, kama E. coli na salmonela. Kwa macho hazionekane. Mutoto anayekula mboga mbichi ndiye wa kwanza kuumia, kisha jina la koperative linaharibika.

Katika maabara za inchi mbalimbali, watafiti wanajaribu kuosha mboga na maji ya plazma. Jina ni ngumu, lakini plazma tunaiona kila musimu wa mvua: radi ni hewa iliyopigwa na umeme mukali mpaka inawaka. Sisi wa Kivu tunaijua vizuri, juu Kabare iko kati ya fasi zenye radi nyingi zaidi duniani. Mashine inafanya radi ndogo karibu na maji. Maji yanakuwa makali kidogo, kama yenye kutiwa ndimu, na ndani yake kunazaliwa dawa, kama maji ya oksijene, ile yenye kutoa povu kwenye kidonda. Dawa hiyo inatoboa ngozi ya mikrobi, inakufa.

Tununue? Bado. Mashine inaomba umeme wa hakika, na maji yenyewe yanapoteza nguvu yakikaa siku nyingi. Mutu akiwaletea maji ya plazma ndani ya bidoni, musitoe franga.

Lakini somo lake ni la leo: udongo unakula dawa. Mboga zikiwa chafu, nguvu inaishia kwenye udongo, mikrobi zinabaki. Ni vile vile kwa Javel. Basi mufuate mupango huu:

1. Tosheni mboga zenye kuoza. Dawa haifike ndani ya kidonda cha tomati.
2. Osheni udongo na maji safi, kisha muyamwange.
3. Kwenye beseni ya pili, mutie maji safi na Javel isiyo na marashi, kwa kipimo cha kwenye chupa. Yakichafuka, mutengeneze mengine.
4. Musuuze na maji ya kunywa.

Musichanganye hata kidogo Javel na ndimu: hewa yake ni sumu. Na mbolea ya ngombe, muiache ioze vizuri mbele ya kuipeleka shambani.

Kwenye mukutano wenu ujao, muchague nani atalinda beseni ya pili.