Sura ya 6: Bei ya Shaka Msituni

Hati moja ya kaboni ni ahadi kwamba tani moja ya hewa ukaa imezuiwa isipande angani au imeondolewa humo. Hati ikitokana na msitu, ahadi hiyo husimama juu ya makisio: bila mradi, hekta ngapi zingefyekwa? Ufyekaji huo haukutokea, kwa hiyo hakuna awezaye kwenda kuupima. Mnunuzi aliyeko Dubai au London hulipa kwa kuwa amemwamini aliyekisia.

Agosti 2023 imani hiyo ilitikiswa. Jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa Thales West na wenzake juu ya miradi 26 katika nchi 6, zikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Tanzania. Mingi haikuonekana kupunguza ufyekaji kwa kiasi ilichodai. Soko la hiari la kaboni, lililofikia takriban dola bilioni 1.9 mwaka 2022, lilishuka hadi kama milioni 723 mwaka 2023. Kwamba binadamu ndiye anayeipasha dunia joto, ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ilikwisha kusema bila kusita. Shaka iliyowakimbiza wanunuzi ilihusu vipimo vya msitu huu na ule.

Sasa tazama Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, ambako msitu mkubwa hukutana na savana. Mkulima hufyeka na kuchoma apate kupanda mpunga, mihogo na karanga, lakini kasi yake hupanda na kushuka. Vita vikifukuza watu, mashamba hugeuka vichaka. Watu wakirudi, mashoka hurudi nao. Dhahabu ya Namoya na Salamabila huvuta vijana, na machimbo nayo hutaka miti. Anayekisia akichukua miaka ya watu kurudi kuwa ndiyo kawaida, atauza hati nyingi zisizo na kitu. Akichukua miaka ya kukimbia, kijiji kilichotunza msitu kwa bidii kitaonekana hakijaokoa chochote. Setilaiti haitoshi hapa: huonyesha mti umetoweka, haielezi kwa nini.

Mvua ina tatizo hilohilo. IPCC iliiweka Afrika ya Kati miongoni mwa sehemu zenye takwimu chache mno kuhusu mabadiliko ya mvua kubwa, na bima ya mazao huishi kwa takwimu hizo. Malawi ilionja uchungu wake mwaka 2016. Nchi ilikuwa na njaa ya ukame, lakini modeli ya African Risk Capacity, mpango wa bima ya ukame wa nchi za Afrika, haikuona sababu ya kulipa, kwani ilidhani wakulima wamepanda aina nyingine ya mahindi. Baada ya uchunguzi mashambani, ndipo dola milioni 8.1 zikatolewa. Ni kosa ambalo wakulima wangelisahihisha siku ya kwanza, kama wangeulizwa.

Ndiyo maana naona fedha za kwanza kwa Maniema ya kusini ziende kwenye vipima mvua katika shule na vituo vya afya, na kwenye viwanja vya kupimia miti vinavyosimamiwa na vijiji vyenyewe. Nanyi machifu wa Kasongo na Kabambare, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa kaboni, daini mwonyeshwe ni msitu gani uliotumika kulinganisha, na wa miaka ipi.