Jina Lisilo Katika Faharasa

Wiki hii tuzungumzie kurasa ambazo wengi wetu huzipita bila kuzitazama. Ni zile za mwisho wa kitabu, zenye maneno yaliyopangwa kwa alfabeti pamoja na namba za kurasa. Kwa Kiswahili tunaziita faharasa. Wakili, mwanafunzi au mzee anayefuatilia habari za ukoo wake hawezi kusoma kurasa mia tano ili apate jina moja. Faharasa ndiyo inayompeleka mahali penyewe. Jina likikosekana humo, kwake ni sawa na jina ambalo halikuandikwa kabisa.

Chukua mfano wa Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857. Katika maandishi yao makao ya Waarabu yanaitwa Kazeh, na Speke mara nyingine huandika Kaze. Stanley, aliyefika mwaka 1871, anaandika Tabora, na mara nyingi anataja nchi yote kwa jina la Unyanyembe. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na hapo, mwaka 1872. Wajerumani walipokuja, waliandika Ujiji kuwa Udjidji, na Mwanza kuwa Muansa.

Hata watu wamepatwa na hayo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baba yake alikuwa na makao Tabora, anaitwa Tipo Tipo na Livingstone, Tippu-Tib na Stanley, na Tippoo Tib katika kitabu cha Brode kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1907. Nilipokuwa natayarisha mazungumzo ya redio juu ya njia ya misafara, ilinilazimu kumtafuta mtu huyu mmoja chini ya herufi T, H na M.

Najua atatokea wa kuniuliza: kompyuta si ipo? Andika neno, itafute! Ni kweli, kompyuta hutafuta haraka. Lakini inachotafuta ni herufi. Ukiiandikia Tabora, itakuletea Tabora. Kazeh itaiacha pale pale ilipo, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba habari ni ya mji ule ule.

Hapo ndipo zinapoingia programu za kutengeneza faharasa. Iko moja iitwayo MakeIndex, iliyotungwa miaka ya 1980. Mwandishi huweka alama kwenye maneno anayoyataka ndani ya maandishi yake. Programu hukusanya alama zote, huzipanga kwa alfabeti, huunganisha zinazofanana na kutoa namba za kurasa. Humruhusu pia kuandika: Kazeh, tazama Tabora. Kazi iliyokuwa ikifanywa kwa vikaratasi vilivyojaa meza nzima sasa humalizika kwa dakika chache. Lakini neno hilo la "tazama" lazima liandikwe na mtu anayeijua Tabora. Programu hailibuni.

Kiswahili kina taabu yake zaidi. Mnyamwezi atakwenda kwenye M, Wanyamwezi kwenye W, Kinyamwezi kwenye K na Unyamwezi kwenye U. Habari moja imetawanywa pembe nne. MakeIndex ina dawa ya jambo hili: unaandika kwanza neno la kupangia, halafu alama ile inayotumika katika barua pepe, @, kisha neno la kuchapwa. Ukiandika nyamwezi@Wanyamwezi, msomaji ataona Wanyamwezi, lakini litapangwa kwenye N pamoja na ndugu zake.

Jambo la kupanga maneno kwa mashina si geni kwetu. Wanaosoma Kurani wanaijua faharasa kubwa ya Muhammad Fuad Abd al-Baqi, iliyopanga maneno ya Kitabu hicho kwa mizizi ya Kiarabu. Kwa upande wa Kiswahili, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza programu inayochambua neno na kutenga shina lake na viambishi. Kwa njia hiyo walipigana, tutapigwa na wamempiga hurudi nyumbani kwao kwenye piga.

Liko pia suala la kuhamisha faharasa kutoka programu moja kwenda nyingine. Kuanzia mwaka 1985 UNESCO ilisambaza programu ya CDS/ISIS kwa kompyuta ndogo, na maktaba nyingi za nchi zinazoendelea ziliipata bila malipo. Ubora wake mmoja ni kwamba iliweza kutoa rekodi zake kwa mpangilio wa kimataifa uitwao ISO 2709, ambamo kila kipande kina namba yake: jina la mwandishi, jina la kitabu, maneno ya kutafutia. Programu mpya ikijua namba hizo, inapokea mzigo wote salama. Faharasa isiyoweza kutolewa hivyo hufa siku ile kompyuta yake inapokufa, na jasho la miaka kumi hupotea nayo.

Kwa nini nayasema haya? Majalada ya utawala wa Kijerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mwongozo wake mkubwa ulichapwa Marburg mwaka 1973, juzuu mbili, kwa Kijerumani. Mjukuu wa mpagazi wa Unyanyembe anayetaka kujua yaliyoandikwa juu ya kijiji chao analazimika kwanza kukisia jinsi mgeni alivyolisikia jina la kijiji hicho.

Programu tunazo, na nyingine ni za bure. Kinachohitajika ni orodha ya majina: la zamani, la sasa, na kila namna lilivyoandikwa. Walimu wa historia wa Tabora, Urambo na Nzega wanaweza kuianza kwa daftari na kalamu, wakiwauliza wazee wanaoyakumbuka majina ya zamani. Kompyuta itaipokea baadaye. Wazee hao wakishaondoka, hakuna programu itakayotuambia kijiji kipi ndicho kipi.