"Nilihifadhi": Kitenzi kimoja, maana tatu

Anayesimamia tasnifu siku hizi amelizoea jibu hili: "Prof, kazi iko, nilihifadhi." Halafu kipakatalishi kinaibwa ndani ya matatu, na sura tatu zinakwenda nacho. Mwanafunzi hakudanganya. Kitenzi ndicho kilichomponza.

Wanafunzi wa isimu wanaokusanya data ya lahaja, sawa na wenzao wa sayansi ya kompyuta, wanaweza kutumia Git, programu ya kudhibiti matoleo ya faili ambayo Linus Torvalds aliibuni mnamo 2005 kwa ajili ya mradi wa Linux. Ndani yake mna vitendo vitatu ambavyo sisi huvirundika vyote katika "kuhifadhi". Ukisevu, faili inaandikwa kwenye diski na kuchukua nafasi ya ile ya jana. Ukikomiti, Git inaweka kumbukumbu ya hali ya faili ulizoteua, pamoja na jina lako, tarehe na maelezo mafupi, ili uweze kuirejelea hata mwakani. Lakini kumbukumbu hiyo imo humo humo kipakatalishini! Ni mpaka upushi ndipo inapofika kwenye seva ya mbali, tuseme GitHub. (GitHub nayo si Git. Ni huduma ya mtandaoni iliyoanza 2008. Git yenyewe hufanya kazi hata bila intaneti.)

Napendekeza "kuhifadhi" kibaki kwa kusevu, "kusajili" kiwe cha kukomiti na "kupeleka" cha kupushi. Wapo wanaosema "kusukuma". Mimi sikipendi: mkokoteni ukisukumwa huondoka ulipokuwa, ilhali ukipushi, nakala yako inabaki palepale.

"Kurudisha" nacho kina mtego, tena mbaya zaidi. Kuna riveti, inayoongeza kumbukumbu mpya ya kutangua mabadiliko ya awali. Historia yote inasalia na wenzako wanaiona. Kuna pia riseti, inayolirejesha tawi la kazi nyuma. Ikitumiwa kwa namna yake kali, hufuta hata marekebisho ya faili ambayo hukuwa umeyasajili. Riveti ningeiita "kutangua", riseti "kurejesha nyuma". Kwa sasa mwanafunzi anaambiwa tu, "Wee, rudisha ilivyokuwa," naye anachagua mojawapo kwa kubahatisha. Akiangukia ile riseti kali, aliyoyaandika tangu asubuhi bila kusajili hayamo kwenye kumbukumbu zozote za Git.