Umeme Umerudi, Diski Inalia

Umeme ulirudi saa nane usiku, na kompyuta kuukuu tuliyoigeuza kuwa seva ya nyumba hapa katika komine ya Katuba, Katanga, ikaamka nao. Mara nikasikia diski yake ikilia tak, tak, tak, kama ukucha unaogonga bati. Mle ndani mna picha za harusi na matanga za miaka 15, na sauti ya babu akisimulia maisha ya kambi ya kampuni ya migodi ya Union Minière.

Kwa mtu wa Katanga diski si kitu cha ugenini. Utando wa sumaku unaoshika picha hizo hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kwetu, Haut-Katanga na Lualaba. Inauma kwamba familia za huku huku ndizo zinazopoteza kumbukumbu zao kwa kukosa kebo nzima na nakala ya pili.

Fundi aliyenisaidia ana kibanda katika komine ya Kenya, hapa hapa mjini. Neno lake la kwanza lilikuwa: “Baba, zima. Usiwashe tena kujaribu.” Diski inayogonga hujiumiza zaidi kila inapowashwa. Akaitoa, akaiunganisha kwenye mashine nyingine, na mlio wa kugonga ukanyamaza. Kumbe kisanduku cha umeme cha seva yetu kilikuwa kimechoka kwa délestage, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, hata hakiwezi tena kuizungusha diski sawasawa.

Hakuridhika na ukimya huo. Kila diski huandika habari za afya yake yenyewe, ziitwazo SMART, na programu ya smartctl huzisoma bure. Alitazama mistari mitatu. Namba 5 huhesabu sekta zilizoharibika na kuhamishwa. 197 huhesabu zile zilizokataa kusomeka na bado zinangoja. 199 huhesabu makosa ya njiani, kati ya diski na mashine. Ikipanda 199 peke yake, badilisha kebo kabla hujanunua diski mpya. Kwetu 199 ilitulia, lakini 197 ilikuwa imepanda. Programu bado ilisema kwamba diski imefaulu kwa jumla, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Mimi nilitaka turekebishe mfumo wa faili pale pale. Akanikatalia, na ninamshukuru hadi leo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, huenda ikawa ni daftari la faili tu lililovurugika, karatasi zake zikiwa nzima; hapo fsck, programu ya kurekebisha mfumo wa faili, inafaa. Karatasi zenyewe zikiwa zinachanika, kurekebisha ni kuzidi kuzichana. Kwanza nakili.

Alitumia ddrescue. Programu hii huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha hurudi kwenye zile ngumu, na huandika ramani ya ilipofika. Saa kumi jioni umeme ukaenda tena. Uliporudi, kazi iliendelea kutoka pale pale ilipokatika, kwa sababu ya ramani hiyo. Sijaona programu inayofaa mji wetu kuliko hii. Sauti ya babu ilitoka nzima. Picha chache za matanga zimekatika nusu, na hazitarudi.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na kifo cha diski nao sio: seva inasema imejaa ilhali mafaili ni machache. Angalia folda ya takataka, kisha angalia kama diski ya nje ya nakala imeunganishwa kweli. Isipounganishwa, programu ya kunakili humwaga kila kitu kwenye diski ya mfumo hadi inafurika, na mwenye nyumba anaamini ana nakala mbili.

Wengine hufunga diski mbili pacha katika seva moja wakalala usingizi. Pacha hao hukuokoa diski moja ikifa. Lakini radi ya Januari huwapiga wote wawili, mwizi huwabeba wote, na ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kote. Kabla ya diski pacha nunua kwanza onduleur, yaani kisanduku cha betri ya akiba, hata ndogo, ili mashine ipate dakika chache za kujizima kwa utaratibu.

Kunakili ndiko huokoa kumbukumbu: historia iitwayo Vocabulaire ya mji wa Elisabethville (jina la zamani la mji wetu), aliyoiandika André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa, tunaisoma leo kwa kuwa nakala yake ilitunzwa, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Simulizi ya babu nayo ina haki hiyo.

Ndugu msomaji, umeme ukiwapo leo, nakili folda moja unayoipenda kuliko zote kwenye diski ya pembeni, ufungue faili moja humo kuhakikisha linafunguka, kisha upeleke diski hiyo kwa ndugu yako wa komine nyingine. Yetu iko Ruashi, kwa dada yangu, ndani ya kopo la maziwa lililofungwa vizuri dhidi ya vumbi.