Baromita ya Unguja hushuka kila alasiri

Vitabu vingi vya ubaharia vimeandikwa na watu wa Ulaya, na karibu vyote vinatoa onyo lile lile: baromita ikishuka, rudi bandarini. Nahodha wa Unguja au Mombasa akilishika neno hilo kama lilivyo, hatatoka bandarini maisha yake yote. Huku kwetu baromita hupanda hadi mnamo saa nne asubuhi, ikateremka hadi saa kumi alasiri, ikapanda tena hadi saa nne usiku, kisha ikashuka hadi saa kumi alfajiri. Tofauti ya juu na chini ni kama hektopaskali 3. Ni joto la jua linaloipa anga mdundo huo, na halina habari yoyote ya dhoruba.

Kwa hiyo usilinganishe asubuhi na alasiri. Linganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana. Kipimo kikiwa chini ya kawaida ya msimu kwa hektopaskali 3, kaa macho. Kikifika 5, kuna kimbunga karibu. Vimbunga ni nadra kwetu, kwani karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuisokota hewa. Hata hivyo kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na vyombo vya baharini vikalazwa.

Ramani ya hali ya hewa nayo ina mtego wake. Mistari yake hupita mahali penye mgandamizo sawa wa hewa, na Ulaya upepo huifuata karibu sambamba; ikibanana, upepo ni mkali. Juu ya Tanga au Lamu mara nyingi huoni hata mstari mmoja, na uliopo upepo huukata tu. Macho yapeleke kusini, kwenye latitudo ya 30 hivi, mashariki ya Madagaska, upande wa Mauritius na Réunion. Hapo hukaa mgandamizo mkubwa wa Mascarene, ambao ndio mama wa kusi. Kitovu chake kikifika hektopaskali 1030 na zaidi, na mistari ikabanana kuelekea Msumbiji, kusi itakaza pwani yetu kwa siku kadhaa, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Hapo baromita yako nyumbani haitakuwa imesema lolote.

Maji, kwa upande wake, yanapigiwa hesabu mapema. Hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, huku maji makubwa kabisa yakija siku moja au mbili baadaye. Unguja, siku za bamvua, maji huwa yamekupwa kabisa karibu na saa nne na kujaa karibu na saa kumi.

Tuseme jedwali linaonyesha mita 0.2 saa nne asubuhi na mita 3.8 saa kumi alasiri. Maji yatapanda mita 3.6 kwa saa sita, ila hayapandi sawasawa. Zigawe hizo mita kwa 12, upate 0.3. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati.

Sasa kuna mlango katika mwamba, na ramani ya bahari inaupa kina cha mita 0.4 maji yakiwa chini kabisa. Boti yako inazama mita 1.3, nawe unataka nusu mita ya akiba. Unahitaji jedwali likupe mita 1.4. Kwa mafungu yale, utazipata saa sita na dakika 20 mchana, na utazikosa tena saa moja na dakika 40 usiku, wakati giza limeshatanda. Wiki ya maji mafu, yakicheza kati ya mita 1.5 na 2.5, mlango huohuo haufungwi kabisa. Wavuvi wa pweza huyachukia maji mafu, ila mwenye boti aombe nini zaidi?

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya kina tu. Kwenye mwamba wa mashariki ya Unguja, maji yanayokupwa hutoka mlangoni kwa kasi kubwa saa ya tatu na ya nne, yaani kuanzia wakati wa magharibi, na kusi huvuma ikiingia. Upepo na mkondo vikikabiliana, mawimbi hufupika, husimama wima na kuvunjika. Kina kipo, na boti inapinduka. Mgandamizo wa Mascarene ukiwa umekaza na bamvua ikiwa kali, mimi huhesabu mlango kuwa umefungwa tangu saa kumi na moja jioni.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, inazungumzia bahari kubwa. Mawimbi ya mlangoni kwako saa ya kukupwa hayamo katika tangazo hilo. Yapo katika jedwali la maji, ukilisoma pamoja na ramani ya siku hiyo kabla hujafungua kamba.